Kumpigia Opiyo Debe

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Kibuye nikitafuta sketi ya mtumba. Nilikuwa nimeinama juu ya rundo la nguo, mkono mmoja umeshika mkoba kwa sababu ya wezi na mwingine unachambua, niliposikia debe. Upande ule wa mafundi wa sufuria kelele haziishi, na mtu akikaa Kisumu miaka kadhaa masikio yake huacha kuzijali. Lakini fundi mmoja alikuwa amepata bati jembamba na alikuwa akiligonga bila haraka: pigo moja, kimya, mapigo mawili, kimya. Kabla sijajua ninachofanya, mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusema. Nzoia. Yala, Nyando. Muuza sketi akaniangalia. "Unataka rangi gani, madam?" Nikamwambia rangi yoyote, lakini sketi sikununua. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule fundi, nikamwomba aniuzie debe, na nikapita nalo katikati ya mji, mimi mwalimu mzima wa shule ya msingi, wazazi wa wanafunzi wangu wakinisalimia na kulitazama.

Mnajua sisi Wakenya tukisema mtu anampigia mwenzake debe tunamaanisha anamfanyia kampeni, anamsifu ili achaguliwe. Mimi nimewahi kumpigia mtu debe kweli kweli, debe la bati, kwa fimbo, mashambani kwetu Ahero, na mtu wangu hakuchaguliwa. Mtu huyo ni pacha wangu, Opiyo.

Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, huja nayo. Anayetoka kwanza ni Opiyo, yule aliyefanya haraka, na anayemfuata, akiwa msichana, ni Adongo, yule aliyebaki nyuma. Majirani walimwita mama Min Rude, mama wa mapacha, na yeye alipenda kuwaambia kwamba alizaa kichwa kwanza na miguu baadaye. Kichwa ni Opiyo, miguu ni mimi. Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa kweli kwamba mimi nilikuwa mzuri wa kutumwa na mzito wa kuelewa, mtoto wa kuuliza swali ambalo limeshajibiwa, na Opiyo alikuwa mtoto wa kusikia jambo mara moja. Akitoka kanisani alirudia matangazo yote kwa sauti ya katibu, pamoja na kikohozi chake. Mama alipokwenda kuuza mchele kando ya barabara kuu alimchukua Opiyo amkumbukie nani amechukua nini, na sijawahi kusikia kwamba alikosea. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akimtazama wakati wa chakula na kutabasamu peke yake.

Tulikuwa darasa la nne mvua kubwa ziliponyesha. Wanaoijua tambarare yetu ya Kano hawahitaji kuelezwa. Maji ya mto Nyando yalikuja mpaka mlangoni, yakakaa, yakaanza kunuka tope na majani yaliyooza, na yalipoondoka yaliacha mbu. Mimi na Opiyo tulilala chini ya neti moja iliyokuwa na matundu, na homa ilitushika pamoja kama ilivyokuwa desturi yetu katika kila kitu. Mimi nilitapika, nikanywa dawa chungu, nikaamka nikitaka uji. Yeye malaria ilimpanda kichwani. Nakumbuka macho yake yalivyogeuka yakabaki meupe, na baba akikimbia naye begani kwenye tuta la mfereji kuelekea barabarani, miguu ya Opiyo ikigonga mgongo wake.

Alilala hospitalini bila kuamka kwa muda mrefu kiasi kwamba nyumbani watu walianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Halafu akaamka. Kanisani walishukuru, wakaimba, mama akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka. Alirudi amekonda, masikio yamekuwa makubwa, na alinitambua, akaniita jina langu, akacheka. Tulidhani tumerudishiwa Opiyo.

Ilichukua muda kuona. Mama alimtuma chumvi na mafuta ya taa, akamkuta amesimama katikati ya njia akitazama chupa mkononi. Shuleni alisoma sentensi vizuri, na alipofika mwisho mwanzo ulikuwa umepotea. Alikuwa akianguka pia, degedege ambayo haikuwa ya homa tena, na watu wakaanza kumwambia mama atafute mtu wa kumwombea. Lakini kuanguka kulikuja na kupita. Kusahau hakukupita. Ukimuuliza kitu alichofundishwa asubuhi, alikutazama kwa adabu na kusema kwa Kijaluo, "Wiya owil." Nimesahau. Kila Mjaluo husema hivyo mara nyingi kwa siku bila kuyawaza maneno yenyewe. Ukiyachukua moja moja, yanasema: kichwa changu kimebadilishwa.

Mwalimu mkuu alimwita baba, akamwambia kwamba atamvumilia Opiyo mpaka mwisho wa darasa la tano. Darasa la sita ndilo lililoanza kuandaliwa kwa mtihani wa taifa, na shule ililinda wastani wake kuliko ilivyolinda kitu kingine chochote. Akishindwa mitihani ya mwisho wa mwaka hataingia. Shule nyingine iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoto anayeanguka havushwi mto kila siku. Kwa hiyo, bila mtu kulisema wazi, ilikuwa shule hii au hakuna shule, na mimi niliyekuwa sijawahi kukaa darasani bila yeye ubavuni pangu nililielewa hilo vizuri kuliko nilivyowahi kuelewa hesabu.

Debe liliingia hivi. Mpunga ukianza kushika punje, kweleakwelea huja kwa makundi, na familia isiyo na mtoto shambani hula makapi. Kila jioni baada ya shule mimi na Opiyo tulikaa kwenye tuta la shamba letu, mimi na kombeo la tope, yeye na debe kuukuu la mafuta ya kupikia. Harufu ya saa ile naijua mpaka leo: mpunga mbichi, maji yaliyolala, moshi kutoka nyumba za mbali. Opiyo alikuwa akigonga debe, ndege wakipaa na kutua kwa jirani, jirani akigonga la kwake, wakirudi kwetu. Jioni moja, akigonga, akaanza kutoa matangazo ya kanisa. Yalikuwa matangazo ya zamani, ya kabla ya ugonjwa, pamoja na kikohozi cha katibu. Aliyatoa yote. Alipoacha kugonga akanyamaza, akaniuliza tunakula nini leo.

Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nilimpa kitu kipya. Tulikuwa tumefundishwa mito inayoingia ziwani upande wa Kenya, kuanzia kaskazini, na yeye asubuhi hakuwa ameshika hata mmoja. Nilichukua fimbo nikampigia: Nzoia. Yala, Nyando. Sondu. Kuja. Nikampa fimbo apige mwenyewe. Mara ya kwanza alikosea, ya pili akakosea, halafu ikakaa. Tatizo lilikuwa la mwisho, Kuja. Kwetu mtu akiitwa kwa Kiswahili huambiwa "kuja!", na kila nilipolitaja jina la mto ule Opiyo aliweka fimbo chini, akavuka tope, akaja kusimama mbele yangu akingoja nimwambie ninachotaka. Nilicheka mpaka ndege wakala. Baadaye alijua ni mto lakini aliendelea kuja, sasa kwa kunichokoza, na mpaka mwisho wimbo wetu wa mito uliishia na yeye kusimama mbele yangu na matope magotini.

Tangu siku hiyo kila tulichofundishwa kilipitia kwenye debe. Na hapo ndipo mimi, miguu, nilipopata kazi ambayo sikuwa na kichwa cha kuifanya. Huwezi kupigia debe kitu ambacho wewe mwenyewe hukielewi, maana hujui pigo liangukie wapi. Ilinibidi nisikilize darasani kwa ajili ya watu wawili. Ilinibidi nijue lipi ni shina na lipi ni tawi, lipi litangulie, lipi likiachwa halitaumiza. Nililichukua somo la mmeng'enyo wa chakula, nikalikata, nikalipanga, nikaliimba njiani nione kama linatembea. Opiyo alipopotea nilijifunza kuona mahali hasa alipopotelea, nikarudi pale nikaweka pigo jingine. Walimu walianza kusema Adongo ameamka. Mama alisema Mungu amegawa upya. Mimi sikuona kwamba kuna kitu kinanitokea, nilikuwa na shughuli.

Siwaambii kwamba alipona. Debe lilishika maneno; maana yake lilishika mara moja moja tu. Nilimuuliza siku moja Nyando ni upi, tukiwa tumesimama karibu nao kiasi cha kusikia wanawake wakifua, akanitazama kwa adabu ile ile. Na alasiri moja mvua kubwa ilinyesha tukiwa ndani, mabati yakalia juu yetu, Opiyo akapanda kitandani na kuanza kusema kila kitu, mito na matumbo na matangazo na majedwali, vyote vimechanganyika, kwa sababu mapigo yalikuwa mengi na hayakumwacha apumue. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili mpaka mvua ikatulia. Baba alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Lakini mtoto huchukua anachotaka kuchukua. Mimi nilichoona ni kwamba mvua ilimkumbusha kila kitu, na darasa letu lilikuwa na paa la mabati. Wiki ya mitihani ilipofika, watu wa Kano wakimwomba Mungu azuie maji, kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akipiga magoti kuomba mvua. Niliomba iwe ndogo, ya kiasi, ianguke juu ya shule peke yake.

Siku ya karatasi ya jiografia anga lilikuwa safi kabisa. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Mutua, kijana kutoka Ukambani aliyeletwa kwetu muhula ule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali na kwao, hakujua Kijaluo, na alikuwa na wasiwasi muda wote kwamba tunamsengenya, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kijaluo chenyewe kilikuwa marufuku ndani ya ua la shule. Ukikamatwa nacho ulivishwa kipande cha mbao shingoni ukakaa nacho mpaka umkamate mwenzako.

Swali la kwanza kabisa lilikuwa mito. Nililiona, nikamwangalia Opiyo. Alikuwa ameliona pia. Alichukua rula yake akaanza kugonga ukingo wa dawati, polepole, pigo moja, kimya, mapigo mawili, na kalamu yake ikaanza kutembea.

"Nani anapiga hiyo meza?"

Akaacha. Kalamu ikasimama. Baada ya muda akaanza tena, kwa kidole.

"Wewe. Leta hiyo rula. Na ukalie mikono yako mpaka utulie."

Opiyo alikalia mikono yake. Mtoto mtiifu kuliko wote darasani alikaa juu ya viganja vyake, akitazama mbele, na mimi niliona uso wake ukimwagika, sijui niseme vipi, kama beseni lililoinamishwa. Mwalimu Mutua alipomruhusu aandike, aliishika kalamu vizuri na hakuandika.

"Mbona huandiki?"

Opiyo akasimama, kama tulivyofundishwa. Alikuwa na jibu lake la kila siku, lakini lilikuwa la Kijaluo, na ubao wa shingoni ulikuwa umetundikwa ukutani mbele yake. Akalibeba neno kwa neno kulipeleka kwenye Kiswahili.

"Mwalimu, kichwa yangu imebadilishwa."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Tafadhali eleweni ni kicheko gani. Kila mtoto mle ndani alijua hasa alichosema. Walikuwa wakicheka Kijaluo kilichovaa Kiswahili, jinsi ambavyo mngecheka mkimwona baba yenu amevaa rinda. Lakini Mwalimu Mutua alisikia watoto wakicheka utani ambao yeye hakupewa.

"Imebadilishwa? Na nani?"

Opiyo alilifikiria swali. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuizoea. Alilifikiria kwa dhati, kwa sababu ameulizwa na mwalimu.

"Sijui, mwalimu. Niliamka nikaipata hivi."

Kicheko kiliisha. Nikasimama. "Mwalimu, anamaanisha amesahau. Kwa Kijaluo ndiyo tunasema hivyo."

"Nimekuuliza wewe? Keti chini." Kisha akamgeukia Opiyo, na kwa kile Kiswahili chake cha kuvuta maneno akamwambia, "Basi enda nyumbani. Utarudi na kichwa yako."

Opiyo alichukua mfuko wake wa vitabu, akaenda nyumbani. Mama alimkuta kwenye tuta la mfereji akitembea huku na huku, akitazama majini. Alipomuuliza anatafuta nini, alijigusa kichwa, akaendelea kutafuta. Nilipofika nikaeleza ndipo mama alipojua.

Baba aliitwa shuleni kesho yake. Mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka chaki, nikakawia chini ya dirisha la ofisi. Mwalimu mkuu alikuwa Mjaluo kama sisi, mzaliwa wa Nyakach, upande wa Katito. Angeweza kulizungumza jambo lile kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Lakini Mwalimu Mutua alikuwa ameandika taarifa yake kwa Kiingereza, na mwalimu mkuu aliisoma kwa Kiingereza, akamweleza baba kwa Kiswahili cha ofisini.

"Mzee, huyu mtoto mwenyewe amekubali mbele ya darasa. Amesema kichwa yake ilibadilishwa akiwa amelala. Hiyo si mambo ya shule sasa. Hiyo ni mambo ya hospitali, ama ya maombi."

"Ndiyo, mwalimu," baba akasema.

"Sisi hapa hatuna mahali pa mtoto kama huyo."

"Ndiyo, mwalimu."

Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Aliamini kwamba ofisini mtu hujibu kwa heshima na kwa lugha ya ofisi. Neno lilikuwa limetoka nyumbani kwetu likiwa neno dogo la kusahau, likavuka lugha mbili, na wanaume wawili waliolijua tangu utotoni walikaa nalo mezani bila kulitambua.

Nilimwambia mama. Mama alipiga makofi mara moja. "Wiye owil? Hilo tu? Kwani nani hasahau?" Alifunga kitambaa chake akaenda shuleni vile vile, na vumbi la mchele mikononi, mimi nikimfuata mbio. Aliingia ofisini bila kubisha hodi akasema yote kwa Kijaluo, ndani ya ua la shule, na nilimwona mwalimu mkuu akielewa. Alishika paji la uso. Alicheka kidogo, cheko la aibu, akamwita Mwalimu Mutua akamweleza, na Mwalimu Mutua akasema pole, Mama, tena alisema kwa moyo. Nikadhani tumeshinda.

Halafu mwalimu mkuu akafungua droo, akatoa karatasi ya Opiyo, akaiweka mbele ya mama ambaye hakujua kusoma. Juu yake kulikuwa na jina, na chini ya jina, Nzoia. Kisha Ya, herufi mbili, hapo rula ilipochukuliwa.

"Mama, hata tukisema ni kusahau," akasema, sasa kwa Kijaluo na kwa upole, "karatasi tupu ni tupu kwa kila lugha."

Mama aliitazama sana karatasi ile. Aliuliza hiyo iliyoandikwa ni nini, nikamwambia ni mto. Akauliza kama mto mmoja hautoshi.

Mimi niliingia darasa la sita, na la saba, na la nane. Nilikaa kwenye dawati letu na msichana mwingine. Katika mitihani nilikuwa nikipiga mapigo kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu, na hakuna msimamizi aliyewahi kuniambia nikalie miguu yangu. Nilijaribu kumfundisha Opiyo kupiga hivyo, kimya kimya, nikidhani pengine watamrudisha. Haikuwezekana. Mapigo yalipaswa kuingia kwa sikio. Ndani hapakuwa na kitu cha kuyapokea.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuhusu akili. Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisema masomo si maji ya kujaza mtungi. Alisema masomo huamsha uwezo uliomo: wa kukumbuka, wa kutulia juu ya jambo moja, wa kupambanua, wa kuwaza kisichoonekana, na kila uwezo hukua kwa kutumiwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu nikisikia debe. Kila alichokitaja nilikijua mahali nilipokipata. Kutulia nilikupata nikisikiliza kwa ajili ya watu wawili. Kupambanua nilikupata nikitafuta pigo liangukie wapi. Hakuna mwalimu aliyeijenga akili hii mnayoisikia ikizungumza. Ilijengwa kwenye tuta, jioni, juu ya kichwa cha pacha wangu kilichokuwa kikivuja. Kila nilichomimina kilimpita yeye, kikabaki kwangu. Na shule iliyotupima sote wawili ilikuwa na kipimo kimoja tu, kukumbuka ukiwa kimya, nacho ndicho kitu kimoja ambacho ugonjwa ulimnyang'anya.

Sitaki kuwadanganya, maana nazijua hadithi za aina hii, na najua mnangoja niseme kwamba alikuja kuwa fundi hodari au mpiga ngoma wa kanisa. Hakuwa. Alijaribiwa kwenye ngoma za kanisa, akaanguka juu yake. Ana kovu la moto kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Baba alikufa, mama amezeeka, na Opiyo, mwanamume mwenye mvi kama zangu, huajiriwa msimu wa mpunga kufukuza ndege pamoja na watoto. Watoto humpenda. Huondoka wanapokua, na wengine huja.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea debe la Kibuye. La zamani lilikuwa limeliwa na kutu na siku hizi mafuta huja kwa mitungi ya plastiki ambayo haiwezi kumtisha hata inzi. Nilimkuta kwenye tuta lile lile. Aliligeuza, akalinusa, akacheka. Tukaketi, mpunga umeshika punje mbele yetu, na akaanza kugonga. Nzoia. Yala, Nyando. Sondu. Alipofika Kuja aliweka fimbo, akainuka, akaja polepole kwa magoti yanayomuuma, akasimama mbele yangu. Nilicheka na kulia pamoja, nikamshika mkono, akaketi karibu nami.

Kisha akachukua fimbo akagonga mara moja na kungoja. Nikajua anangoja nini. Baada ya mito kulikuwa na kitu, mimi ndiye niliyekuwa nikikianzisha. Milima? Miji? Akagonga tena. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, nimejaza kichwa changu mitaala iliyokuja na kuondoka, na mahali pale palipokuwa na jioni zetu palikuwa peupe.

"Wiya owil, Opiyo," nikamwambia.

Akaiweka fimbo chini, kwenye majani, mbali kidogo naye. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, akivuta maneno kama yalivyovutwa siku ile, bila kukosea hata moja:

"Basi enda nyumbani. Utarudi na kichwa yako."

Hakuwa amegusa debe.